Sauti Ng'ambo ya Handaki

Nyumba ya watawa, ukingoni mwa mto Severn
Jumatano baada ya Pasaka, mwaka wa ishirini na nane wa utawala wa mfalme wetu

Wigheard, mdogo wangu,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi ni mzima. Magoti yananiuma kwa baridi ya kanisani, na vidole vimechubuka kwa kukwangua ngozi za ndama, maana vitabu vya huku vinaanzia kwa ng'ombe. Ni miaka sita tangu nimzike mume wangu na kuvaa shela ya utawa, lakini watawa wadogo bado wananicheka nikiimba zaburi. Wanasema naimba kama mtu anayefukuza kunguru shambani.

Padri Headda, najua wewe ndiye unayemsomea. Msomee taratibu, na usiruke maneno makali.

Mchuuzi wa chumvi ameniambia mambo mawili. La kwanza, mfalme ameamuru nchi yetu ya Mercia ichimbiwe mpaka, handaki na tuta la udongo, kati yetu na Wawelisi, na wewe umepewa kipande cha kusimamia. Hongera. Baba angekunywa bia siku tatu. La pili ndilo lililoniondolea usingizi. Leofa wangu, mtoto niliyekukabidhi mkononi, ana mwanamke wa Kiwelisi. Jina lake Tegwedd, na baba yake ana shamba karibu na hapo unapochimba. Mwanangu ana miaka ishirini na mbili, na habari zake nazipata kwa muuza chumvi.

Sina ugomvi na binti wa watu. Naogopa mwisho wake. Unakumbuka mume wangu alivyorudishwa kutoka huko, amefunikwa uso, mkanikataza kumfunua.

Basi nakuomba kitu kimoja. Mchukue Leofa ukampe kazi kwenye hilo tuta, na usimhurumie kwa kuwa ni mpwa wako. Mtu anayechimba tangu alfajiri mpaka jua lizame hana nguvu za kutembelea wanawake. Tuta likiisha, yule atakuwa ng'ambo na mwanangu atakuwa huku, na jambo litakuwa limekwisha lenyewe bila mtu kugombana na mtu.

Ukiniandikia, kumbuka kwamba Mama Mkuu husoma kila barua inayoingia na inayotoka. Ni shangazi yake Ceolric, mkuu wa kazi za mfalme, kwa hiyo huyo usimseme vibaya hata kwa mzaha.

Dada yako,
Tidburg


Kambini
Siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana

Dada Tidburg,

Padri Headda anakusalimu. Anasema hajawahi kuruka neno lako hata moja, ila mengine huyalainisha kidogo ili nipate kula chakula changu kwa amani.

Nimefanya ulivyotaka. Nilimfuata Leofa shambani mwenyewe, nikamkuta anafunga ng'ombe nira. Nikampa jembe. Akaligeuzageuza mkononi.

"Kwa hiyo, Mjomba, mimi ndiye nichimbe shimo la kunitenga na mke wangu?"

"Mke? Nani aliwaozesha?"

"Muulize Padri."

Nikamgeukia Padri, naye akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Anaandika haya sasa hivi huku masikio yamemwiva. Anasema ilikuwa ndoa halali, mbele ya mashahidi, na kwamba hakutaka kukusumbua. Mimi nimeshamsema. Zamu yako.

Kazi ni kubwa, dada. Handaki liko upande wao, na udongo wote tunaupandisha upande wetu kwa vikapu. Mtu akisimama mle chini haoni kitu ila anga. Mstari haukuchorwa na mtu anayejua mashamba ya watu. Umepita katikati ya shamba la baba yake Tegwedd: nyumba imebaki ng'ambo, shayiri imebaki huku. Mzee alitoka akasimama mbele yetu. Lugha yetu anaijua vizuri. "Mnatuita Wawelisi, yaani wageni," alisema, "na jina hilo mmetupa nyinyi. Hebu niambieni, nani aliyemkuta mwenzake hapa?" Ceolric alicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kuna amri mpya. Mtu akiacha kazi akavuka, ni msaliti. Shamba lake linachukuliwa, la ukoo wake pia, na msimamizi wake anajibu kwa kichwa chake. Nimemweleza Leofa mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Nimesikia, Mjomba." Mara ya pili alishika jembe akarudi kuchimba.

Anakula vizuri. Mkate wa shayiri, maharage, na Ijumaa tunapata samaki, mikunga kutoka mtoni.

Wigheard
kwa mkono wa Headda, padri


Nyumba ya watawa
Sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Wigheard,

Majuma sita hakuna neno. Mwanamke wa Kiwelisi nimemmeza, Padri nimemsamehe, yote nimeyakubali. Ninachotaka ni mstari mmoja kutoka kwa mwanangu. Mwambie aseme lolote, hata matusi, Padri aandike.

Tidburg


Kambini
Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Dada,

Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Mvua ilinyesha siku tisa. Ijumaa asubuhi kipande cha tuta ambacho hakijashindiliwa kiliporomoka juu ya watu waliokuwa chini handakini. Wawili tuliwatoa, wameshakufa. Wa tatu alikuwa Leofa. Tulichimba mpaka Jumamosi jioni, hatukumfikia. Ceolric akasema tuta la mfalme halibomolewi kwa ajili ya maiti mmoja. Akaamuru udongo ushindiliwe pale pale ulipolala. Padri alisoma sala za wafu juu yake.

Hakuteseka. Udongo ulikuja mara moja.

Nisamehe.

Wigheard


Nyumba ya watawa
Sikukuu ya Mtakatifu Martino

Wigheard,

Nilikaa kitako kama ulivyosema, na tangu siku ile sijainuka sawasawa.

Mimi ndiye niliyekuandikia umchukue. Ile barua bado unayo? Ichome. Au usiichome, iweke, siku ya hukumu isomwe mbele ya watu wote.

Nina maswali na nataka uyajibu moja moja. Asubuhi ile alikula nini? Alikuwa amevaa nini? Alisimama wapi, upande wa kushoto au wa kulia wa hao wawili? Neno lake la mwisho alimwambia nani? Umesema hakuteseka. Umejuaje, na hamkumwona?

Mama Mkuu ameagiza misa thelathini. Ni mwema kwangu. Amemwandikia Ceolric kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mama akilia hivi, na Ceolric amejibu kwa kutuma rambirambi na pipa la siagi. Sikuweza kuila.

Kuna jambo linanikera, na nitalisema. Alipokufa yule mbwa wako wa kuwindia, uliniandikia kurasa mbili. Kwa mwanangu umeniandikia mistari kumi.

Tidburg


Nyumba ya watawa
Sikukuu ya Mishumaa, mwaka wa ishirini na tisa

Wigheard,

Maswali yangu hukuyajibu. Basi jibu hili.

Mchuuzi wa chumvi amepita. Anasema watu wako wamekataa kufanya kazi kwenye kile kipande. Asubuhi za ukungu kuna sauti inayoita, kutoka ndani ya tuta au nyuma yake, hawajui, na waliomfahamu Leofa wanaapa ni yeye. Nikamuuliza inaita nini. Hakutaka kusema. Nikamshika mkono, mimi mtawa, mbele ya watu.

"Inaita Mjomba," akasema. "Inaita mara tatu, nne, inanyamaza kama mtu anayengoja aitikiwe. Halafu inaanza tena."

Tangu hapo nikiwa nakwangua ngozi nasimamisha kisu na kusikiliza. Wenzangu nao wanasimama. Chumba kizima tunabaki tumenyanyua visu.

Mama Mkuu anasema roho isiyozikwa haina pa kulala. Fungua tuta, mdogo wangu. Mtoe umzike kama mtu.

Tidburg


Kambini
Juma la kwanza la Kwaresima

Dada,

Ni mbweha. Msimu huu hulia kama watu, na ukungu hupotosha sauti. Tuta halifunguliwi. Usije huku, barabara ni tope mpaka magotini. Usiwasikilize wachuuzi.

Wewe lia, na uombe. Hiyo ndiyo kazi yako sasa. Mengine niachie mimi.

Wigheard


Kwa Mama Tidburg, mkononi mwake, si kwa mwingine
Juma lilo hilo

Mama yangu,

Barua hii nimeichora kwenye kibao cha nta na kuificha ndani ya gunia la chumvi. Ukishasoma, pitisha kidole gumba juu yake mpaka iwe laini. Wigheard hajui kwamba naiandika. Yeye amelala na homa ya kifua, na mimi nina dhambi inayonikaba.

Mwanao hakufa.

Kabla ya Mtakatifu Mikaeli, siku tatu kabla tuta halijaporomoka, Leofa alivuka. Tegwedd alikuwa na mimba, na baba yake alikuwa akijiandaa kuwahamisha. Leofa alikuja kwangu jioni akasema, "Padri, ulituunganisha wewe. Sasa nikae huku nimtazame juu ya shimo?" Sikumzuia. Asubuhi mjomba wake alinikuta nimekaa kwenye kitanda kitupu cha Leofa, akajua.

Alipaswa kutoa taarifa. Angetoa, shamba lenu lingekwenda, na kichwa chake pia. Akaficha siku moja, ya pili, ya tatu. Ya nne udongo ukaanguka, wakafa watu wawili, na Ceolric akaja kuhesabu watu wake. Alipofika kwenye jina la Leofa, Wigheard akanyoosha kidole kwenye udongo. Hakusema hata neno. Nadhani mpaka leo anajiambia kwamba hakusema uongo, alinyoosha kidole tu.

Mimi nilisoma sala za wafu juu ya udongo mtupu. Nimeendelea kuzisoma kila mwezi. Nilimwombea kama marehemu mtu niliyemwona kwa macho yangu, majuma mawili baadaye, ng'ambo ya handaki, anakula tufaha.

Sauti inayoitwa mzimu ni yeye. Anakuja kwenye ukungu kwa sababu ndipo walinzi hawaoni. Anataka mjomba wake ajitokeze, apate kumuuliza habari zako, na mjomba ampe radhi. Wigheard anapanda juu ya tuta, anasimama, anasikiliza. Haitikii. Nimemwona akijifunika mdomo kwa mikono miwili. Watu wanasema anaomboleza.

Nilimwambia nikuandikie ukweli. Akanijibu hivi, na nakuandikia alivyosema: "Mama Mkuu anasoma barua zake na kumpelekea Ceolric habari. Dada yangu hajui kuigiza. Akiacha kulia siku moja, tumekwisha sote. Machozi yake ndiyo ushahidi wangu."

Sasa nimeuharibu ushahidi huo. Fanya utakavyoona.

Headda


Nyumba ya watawa
Juma la nne la Kwaresima
Barua hii Mama Mkuu ameisoma na kuibariki

Wigheard, mdogo wangu,

Nimelia, nimeomba, na nimeongozwa. Mama Mkuu amenifundisha kwamba roho zilizo njiani hutulizwa na maneno ya wazazi wao. Kwa hiyo mzimu wa mwanangu ukiita tena, usiukimbie. Simama juu ya tuta uyaseme haya kwa sauti itakayovuka handaki, neno kwa neno:

Mama yako anajua ulipo. Yeye ndiye aliyeomba uletwe kwenye kazi hii, na anakuomba radhi. Hana kinyongo na yule uliyemfuata. Kama huko uliko kuna mtoto, mama yako anambariki kichwani na miguuni. Usirudi tena kuita, maana walio hai wana mikuki, na hawajui tofauti. Ondoka karibu na tuta, uende ndani kwa watu wako wapya, upumzike.

Mwambie hivyo upesi, Wigheard. Usingoje Pasaka.

Mimi naendelea kulia, kama ulivyoniagiza. Si kazi ngumu.

Tidburg


Kambini
Jumatatu ya pili baada ya Pasaka

Dada,

Barua hii inakuja ndani ya gunia la chumvi kama ile ya Padri, haipiti kwa Mama Mkuu. Barua yako ilifika Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi. Ilichelewa siku mbili.

Alhamisi ile Ceolric alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba kazi imesimama kwa sababu ya mzimu, na nadhani alikuwa amesikia zaidi. Alifika alfajiri na watu sita. Ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono huoni vidole. Tukapanda juu. Hatukungoja sana. Ikaita, karibu kuliko siku zote.

"Huyo ndiye mpwa wako?" Ceolric akaniuliza.

"Ndiye, bwana. Mungu ampumzishe."

Akachukua mkuki kwa mlinzi, akaniwekea mkononi. "Chuma hakimdhuru mzimu. Rusha."

Nikasema mkono wangu haujapata nguvu tangu homa.

"Basi atarusha huyu," akasema, akamwonyesha mlinzi wake mmoja, mwindaji, mtu ambaye hajawahi kukosa.

Nikarusha mimi. Nilirusha pembeni, dada. Nakuapia kwa mifupa ya baba, nilirusha pembeni. Lakini kwenye ukungu pembeni ni wapi?

Sauti ilikatika katikati ya neno. Ceolric alikaa akisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Umeona? Hata wafu huogopa chuma." Akaondoka ameridhika, na watu wamerudi kazini.

Siku kumi na saba kimya. Sikula. Jana, Jumapili, ukungu ulishuka tena, nikapanda peke yangu. Akaita. Ni yeye, dada, siwezi kuikosea sauti ile, nimeisikia tangu inajifunza kusema. Kwa hiyo mkuki ulipita. Hakuumia. Nilikuwa na maneno yako yote kichwani, nilikuwa nimeyakariri, lakini nilipofungua mdomo hayakutoka. Alingoja, akaita tena, akangoja.

Ukungu mwingine ukija nitamjibu. Nimeshamwahidi Padri.

Wigheard


Ng'ambo, nyumbani kwa Tegwedd
Sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Wigheard,

Barua hii haitapita kwa Mama Mkuu. Nilimwambia nataka kwenda kuomba kwenye kaburi la mwanangu, akanipa ruhusa, mkate na baraka zake. Sikumdanganya. Nilikwenda na mchuuzi wa chumvi mpaka kaskazini ambako handaki halijafika, tukavuka kijito, tukarudi kusini upande huu. Siku nane. Sitarudi.

Tegwedd hakuniuliza mimi ni nani. Alinitazama pua, akasogeza kigoda. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mikono yake ina makovu ya kisu cha jibini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kidogo, nikakosa nafasi, maana alinipa mtoto nimshike kabla hata sijakaa. Ni wa kike, ana miezi mitano. Anaitwa Non. Nimelisema jina hilo vibaya wakacheka wote, na mimi nikacheka, halafu nikaulizia alipo Leofa.

Waliacha kucheka.

Nitakueleza Tegwedd alivyonieleza, sitaongeza. Alhamisi ile Leofa alirudi nyumbani kwa miguu yake, ameshika ubavu. Alisema ameanguka kwenye mti. Tegwedd alimtoa mkono akaona jeraha. Alisema, "Mjomba hakunilenga. Nilimsikia anavyohema, alikuwa analia. Mimi ndiye niliyesogea." Alikuwa amesogea kwa sababu alidhani safari hii umekuja kuzungumza naye. Ijumaa alikuwa na homa. Jumamosi alikuwa hajui alipo. Alikufa Jumapili ya Matawi mchana, Padri wao alipokuwa bado anagawa matawi kanisani. Wamemzika kwenye uwanja wa hilo kanisa, chini ya ukuta, na jiwe wameweka. Nimelifagia.

Sasa sikiliza. Ulipoandika kwamba umemsikia, alikuwa na majuma mawili kaburini.

Nilidhani umerukwa na akili. Nikasema nitakwenda kuona. Tegwedd hakutaka niende, naye hataki kusema kwa nini, lakini hafungui dirisha la upande huo asubuhi. Nilikwenda ukungu uliposhuka. Nilisimama penye ukingo wa handaki, upande huu, pale penye nyasi zilizolala. Nikamsikia.

Sauti ni yake. Haikutoka mbele yangu wala nyuma. Ilikuwa hapo hapo. Nikasema, "Leofa, ni mama." Ikanyamaza, kama mtoto aliyefundishwa kutomkatiza mkubwa. Nilipomaliza ikaita tena, "Mjomba." Nilikwenda asubuhi tatu. Nilimwambia yote niliyotaka umwambie, nikaongeza na mengine. Kila mara ananingoja nimalize.

Haniiti mimi. Anakuita wewe. Mjibu.

Tidburg


Kanisani, kwenye tuta
Juma baada ya Sikukuu ya Mishumaa, mwaka wa kumi na moja tangu barua yako ya mwisho

Mama Tidburg,

Nimeambiwa na Wawelisi wanaokuja sokoni kwamba bado u hai, na kwamba mjukuu wako anaongea lugha yetu kwa lafudhi ya shambani kwenu. Nimefurahi. Mkono wangu unatetemeka sasa, utanisamehe.

Barua yako ile nilimsomea mdogo wako mara moja tu. Hakuniambia nirudie. Asubuhi ya ukungu iliyofuata alipanda juu ya tuta, na mimi nyuma yake. Tukangoja. Mimi sikusikia kitu ila maji yanadondoka kwenye majani. Yeye aliinua uso ghafla akasema, "Nipo hapa." Akakaa chini kwenye nyasi, miguu inaning'inia upande wa handaki, akawa anaitikia kwa kichwa, kwa muda wa kusoma zaburi ndefu. Alipoinuka nikamuuliza, amesema nini? Akanijibu, "Anauliza habari za mama yake."

Tangu siku ile hakukosa ukungu hata mmoja. Ceolric alimwondolea usimamizi. Alimwona kichaa, na kichaa haadhibiwi kama msaliti, kwa hiyo shamba lenu lilipona. Alichunga kondoo miaka yote hiyo. Watu wa hapa walimheshimu kwa kumwogopa. Mara moja tu nilimuuliza kama anadhani amesamehewa. Alisema, "Hilo hajaligusia. Tunazungumza mambo ya nyumbani."

Mfalme amekufa, umesikia. Mwanawe alitawala miezi mitano, naye akafa. Tumezika wafalme wawili ndani ya mwaka mmoja, na huyu wa sasa simjui sura. Walinzi wameondolewa. Kondoo wanapanda tuta upande huu na kushukia upande wenu bila kuulizwa. Lakini tuta lenyewe halijashuka hata kidole. Nyasi zimeshika. Nadhani litakuwepo siku ambayo hakutakuwa na mtu anayejua Mercia ilikuwa nini.

Na pale Wigheard alipoonyesha kidole panaitwa Kaburi la Leofa. Wachuuzi wa chumvi wanapatumia kuelekezana njia: ukifika Kaburi la Leofa, kata kushoto. Watu wanaweka mkate. Wanamwaga bia kidogo. Wazee walitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi, mama yangu, lakini hii yetu naona inakwenda bado, na wenye mizigo wanaipita.

Wigheard alikufa Jumapili. Aliomba jambo moja. Jumanne nilichukua watu wawili wenye majembe, na hapakuwa na mtu wa kutukataza, tukafungua tuta pale. Tulichimba kwa kina cha mtu. Hao wawili walikuwa wakichimba kwa uangalifu, wakiogopa kugusa mifupa. Mimi sikuwaambia kitu. Tulimlaza humo, ameelekea ng'ambo, tukarudisha udongo na kuushindilia kama ulivyokuwa. Wenzangu walisema ni vizuri, mjomba na mpwa wamekuwa pamoja.

Ukungu umeshuka asubuhi nne tangu hapo. Sauti ile mimi sikuisikia tena tangu Leofa alipokuwa hai, kwa hiyo siwezi kukuambia kama imenyamaza. Wewe uliye upande huo utajua.

Jana wanawake wawili wa kijijini walileta mkate wakapiga magoti. "Leofa, ulale kwa amani," walisema.

Nikaitikia amina pamoja nao.

Headda